Uzito wa Usukani na Magari ya Mzee Masanja

Siku ya kwanza niliyoripoti katika karakana ya serikali pale Tarime sikupewa spana wala ovaroli. Mkuu wa Karakana, mtu wa Tanga aliyeongea taratibu kama anayepima kila neno, alinipandisha kwenye lori la kokoto lililokuwa limezimwa, akaniambia nikate kushoto. Nilishika usukani, nikavuta. Haukwenda. Nikakaza mguu kwenye sakafu, nikavuta tena kwa nguvu zote za msichana wa Nyanungu aliyekulia nyuma ya jembe la maksai, ukasogea kidogo tu kisha ukagoma. Mafundi waliokuwa wanakunywa chai waliweka vikombe chini wakawa wananitazama. Ndipo Mkuu alipopitisha mkono dirishani, akawasha injini, akasema nijaribu tena. Nilivuta kwa nguvu ile ile. Usukani ulizunguka wote, nami nikaangukia mlango.

Nilishuka, nikapiga magoti, nikachungulia chini ya lori. Nilidhani kweli kuna mtu amejificha kule anasukuma magurudumu. Mafundi walicheka sana. Mkuu hakucheka.

"Usione haya," aliniambia. "Siku utakayoacha kuchungulia, tafuta kazi nyingine."

Alinipeleka kwenye meza ya kazi, palipokuwa na boksi la stering, kifaa cha kugeuzia magurudumu, lililokatwa katikati ili wanafunzi waone matumbo yake. Mafuta, alisema, ndiyo yaliyonisaidia. Injini inazungusha pampu kwa mkanda, pampu inayabana mafuta, nayo yanakaa yakisubiri amri ya dereva. Amri yenyewe inapita kwenye kijiti cha chuma chembamba kama kalamu, kilichounganishwa na mhimili wa usukani. Dereva akivuta, kijiti kinajipinda kidogo mno, jicho haliwezi kuona. Kule kujipinda ndiko kunakofungua njia ya mafuta upande mmoja, na mafuta yanasukuma. Dereva akiacha, kijiti kinanyooka, njia inajifunga. Kijiti kikiwa chembamba sana usukani unakuwa mwepesi kama kufungua bomba la maji. Kikiwa kinene, dereva lazima atoe jasho kidogo kabla hajasaidiwa.

Nilikishika kile kijiti nikajaribu kukipinda kwa vidole. Sikuweza. Mkuu akasema ninakipinda kila ninapoendesha, ila sijui. Jioni ile nilirudi nyumbani nimepigwa na butwaa. Lori la tani nyingi lilikuwa linasikiliza kitu kidogo kuliko kidole changu, na kitu hicho kilikuwa kinanisikiliza mimi.

Nilikaa karakana ile miaka mingi, nikawa fundi wa stering kwa sababu wengine hawakuipenda. Kazi ya stering ni uchafu na lawama. Gari likivuta upande mmoja, wewe. Tairi likiliwa upande, wewe. Dereva akiingia mtaroni amelewa, bado atasema ni stering. Baadaye nilihamishiwa Mugumu, kwenye gereji ya magari ya kubeba watalii. Msimamizi wa Magari pale alikuwa mwanajeshi mstaafu, mkali, anayekagua hata kucha za mafundi. Mwaka ule yalikuja magari mapya yenye stering nyepesi, na madereva walifurahi kwa wiki moja hivi. Kisha wakaanza kunung'unika kwamba kwenye barabara ya changarawe iliyokunjamana hawajui tena magurudumu ya mbele yanafanya nini. Mmoja aliteleza hadi kwenye majani akiwa na wageni ndani, na aliapa kwamba mikono yake haikusikia chochote mpaka gari lilipokuwa limeshageuka.

Msimamizi alituita wote uani akasema maneno ambayo sijayasahau. "Uzito ni jambo moja, habari ni jambo jingine. Mnaweza kumpa dereva usukani mwepesi bila kumnyima habari. Mkimnyima habari mmempofusha."

Nilimwelewa upesi kwa sababu ya baba yangu. Baba alilima kwa maksai shamba la mawe kule Nyanungu, na mkono wake kwenye mpini wa plau ulijua jiwe liko wapi kabla jembe halijaligonga. Aliinua kidogo, jiwe likapita chini, maksai hawakusimama. Nilipomuuliza amelionaje, alisema hakuliona, mpini ulimwambia. Sasa nilikuwa namsikia mwanajeshi akisema jambo lile lile juu ya magari. Tangu hapo kila gari lililoletwa kwangu nililiuliza maswali mawili: una uzito gani, na unasema nini?

Maswali hayo ndiyo yaliyonifikisha kwa Mzee Masanja.

Masanja alitoka Usukumani akiwa kijana, akaja kuchimba dhahabu upande huu kama maelfu wengine. Alichimba kwa sururu, akalala njaa, akakaribia kufa kwa homa, na familia moja ya wakulima wa Kenyamonta ilimuokota ikamuuguza hadi akapona. Mashimo yalipomkubali baadaye alipata mali. Wenzake walijenga mahoteli na kununua malori. Yeye alinunua magari ya zamani ya mbio, yale mafupi ya milango miwili, akiyatoa Nairobi moja moja kupitia Sirari, na kuyaweka kwenye banda kubwa la mabati nje kidogo ya mji wa Tarime. Watu walimwona amerukwa na akili. Alinitafuta kwa sababu moja ya magari hayo lilikuwa linatetemesha usukani, na nilipomaliza kulitengeneza aliniomba nifanye kazi kwake. Niliacha Mugumu, nikarudi Tarime.

Sitasahau siku aliyonifungulia banda. Kulikuwa na magari manne chini ya mashuka, na kwa wiki nzima kazi yangu ilikuwa kuyaendesha tu, moja baada ya jingine, ili niyajue.

La kwanza lilikuwa la Kiingereza, boneti refu, usukani mkubwa mwembamba wa mbao. Halina pawa kabisa, yaani msaada wa mafuta. Chini ya injini kuna reki, yaani fimbo ya meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo. Likiwa limesimama ni zito kama mlango wa ghala. Lakini likishaanza kwenda, uzito unapungua wenyewe, na kwenye kona unarudi kidogo kidogo kadiri kona inavyokaza, mpaka unajua kwa viganja vyako imebaki nafasi kiasi gani kabla ya kuteleza. La pili lilikuwa la Kimarekani, pana, la kelele. Lenyewe lina pampu na silinda iliyofungwa kwenye vyuma vya magurudumu, na unaligeuza kwa kidole cha shahada. Katikati pana uvivu. Unasogeza usukani kidogo na gari linafikiri kwanza. Kwa barabara ndefu iliyonyooka nadhani hakuna starehe kama ile.

La tatu lilikuwa la Kijerumani, dogo, injini imekaa nyuma. Hilo ndilo alilolipenda Mzee. Kwa kuwa mbele hakuna injini, magurudumu ya mbele yamebeba uzito kidogo, kwa hiyo halihitaji pawa, na hakuna kitu kati yako na barabara isipokuwa chuma. Kila jiwe, kila kiraka cha lami, kila mteremko wa bega la barabara unakuja mkononi. Usukani haunyamazi, unajinyonganyonga kama mwana mbuzi unayemshika shingo. Mara ya kwanza niliogopa nikaushika kwa nguvu. Mzee alikuwa kiti cha pembeni, akaniambia nilegeze, niuache uongee. Nilipolegeza, nikasikia barabara ya kutoka mjini kwetu, barabara niliyoipita maisha yangu yote, kama ninaipita mara ya kwanza. Nililia kidogo, sioni aibu kulisema.

La nne lilikuwa la Kifaransa. Nikiwa mzee hivi, bado sijui namna nzuri ya kulieleza. Usukani wake upande wa kushoto, kama wa nchi yao. Pampu yake inabana mafuta kwa nguvu kubwa kuliko chochote nilichowahi kufungua, na mafuta hayo ya kijani ndiyo yanayogeuza, ndiyo yanayofunga breki, ndiyo yanayobeba hata mwili wa gari. Unaligeuza kwa pumzi. Mzunguko mmoja tu wa usukani, tairi limefika pembeni kabisa. Ukiachia, hata kama gari limesimama, usukani unarudi katikati peke yake, polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilitoa mikono nikarudi nyuma kwenye kiti. Tena kadiri unavyokimbia ndivyo mafuta yanavyoufanya mzito, ili mkono usitetemeke ukakutupa nje. Ukipita kwenye shimo, mkono hausikii kitu. Mzee alilinunua kwa maajabu yake lakini hakulipenda. Alisema ni gari bubu.

Tuliishi hivyo miaka ya amani. Kisha Mzee Masanja alipatwa na kiharusi.

Mguu ulirudi baada ya mazoezi mengi. Mkono wa kushoto haukurudi. Uling'ang'ania kifuani, vidole vimekunjwa. Gari la Kijerumani lilikuwa limetengenezwa kwa barabara zetu, usukani kulia, gia katikati, na gia hiyo hushikwa kwa mkono wa kushoto. Alijaribu mara moja uani, akafika mbele ya kisima akashindwa kurudi. Tulilisukuma hadi bandani yeye akiwa ndani. Baada ya hapo hakukanyaga tena banda.

Siku moja ilikuja habari kwamba mama wa ile familia ya Kenyamonta, aliyemnywesha uji wakati wa homa, ni mgonjwa na anamuulizia. Binti yake Mzee, Kabula, aliyekuwa ameacha kazi yake Mwanza ili amuuguze, akasema ataita teksi. Mzee akakataa. Alisema mama yule alimbeba mgongoni akiwa gunia la mifupa, naye aliapa kwamba kila atakapoingia ua ule ataingia akijiendesha. Hatafikishwa pale amebebwa tena.

Nilikaa na jambo hilo kutwa nzima. Jioni nilikwenda bandani nikavua shuka la gari la Kifaransa. Usukani kushoto, kwa hiyo gia iko upande wa kulia, upande wa mkono wake mzima. Na anapouacha usukani ili aguse gia, hauendi popote. Unarudi katikati, unanyoosha gari, na mashimo hayaupotoshi. Lile gari alilolidharau lilikuwa limekaa pale miaka yote hiyo, na kila kitu ndani yake ni kama kilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono mmoja. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango nikalitazama tu.

Nilimweleza Mzee, naye akaridhia. Daktari pia alikubali, kwa masharti kwamba aende polepole na asiende peke yake. Kabula hakukubali. Alinifuata jikoni kwangu, akanisalimia shikamoo kwa heshima zote, kisha akasema polepole, "Mama, baba akipata ajali na gari hilo, sitamuuliza yeye. Nitakuuliza wewe." Nikamjibu kwamba ni haki yake.

Tuliondoka asubuhi, Mzee kwenye usukani, mimi kulia kwake, Kabula nyuma yetu kwenye gari lake la kawaida. Mpaka tunapita Nyamwaga, Mzee alikuwa ameshaanza kuimba kwa Kisukuma. Alikata kona kwa mkono mmoja, akaacha usukani akabadili gia, usukani ukajinyoosha wenyewe, akaushika tena. Bodaboda walipunguza mwendo kutuangalia. Hakuwa na uso huo tangu augue.

Tulipokuwa tunateremka kuelekea Mto Mara, kabla ya daraja, nilinusa mafuta. Nikaona gari limelala kidogo mbele. Nikamwambia asimame, naye akasimama vizuri, breki zikiwa bado nzima, maana gari lile limewekewa akiba ya mafuta kwa ajili ya breki tu. Nilifungua boneti. Mpira wa kupeleka mafuta kwenye stering ulikuwa umepasuka kwa uzee, na mafuta ya kijani yalikuwa yanachuruzika kwenye vumbi. Chupa niliyobeba isingejaza kila kitu. Nilichoweza kufanya ni kuziba njia ya stering kabisa, ili mafuta yaliyobaki yote yawe ya breki. Usukani ungebaki na chuma chake tu, bila msaada.

Kabula alikuwa ameshafika. Aliangalia mafuta chini, akasema safari imeisha, baba aingie kwenye gari lake. Mzee hakubisha. Alikaa tu ametazama mbele, mkono wake mzima juu ya paja. Nilimwambia Kabula ukweli wote: gari litasimama likiambiwa lisimame, lakini litakuwa zito kupita nguvu za mtu mmoja wa mkono mmoja. Tukienda, tutakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nitashika usukani pamoja naye. Nikamwambia sitakwenda asiporidhia.

Alimtazama baba yake kupitia kioo, akarudi kwenye gari lake, akawasha taa za tahadhari, akakaa nyuma yetu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Mzee alihamisha mkono wake wa kulia juu ya usukani, mimi nikashika chini kwa mkono wa kushoto. Kona ya kwanza ilitutoa jasho wote wawili. Yeye anavuta, mimi nasukuma, na hatukuwa na maneno ya kupanga. Mbele ya daraja ng'ombe walikuwa wanavuka, kundi zima, na mchungaji wao yuko upande wa pili. Tulikata kulia kuwapisha. Chini ya kiganja changu nikahisi kitu ambacho gari lile halikuwahi kunipa. Ukingo wa lami. Changarawe. Kisha chuma cha maungio ya daraja, kimoja, kingine.

Mzee aliacha kuvuta kidogo, akasikiliza.

"Fundi Nyangi," alisema, "kumbe linaongea."

Nilimwambia limekuwa likiongea siku zote, ila mafuta yalikuwa yanasimama mlangoni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Tuliingia Kenyamonta jua likiwa juu. Watu wa ua ule walitoka wote. Yule mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, hawezi kuinuka, lakini alimwona Masanja akifungua mlango wa dereva. Mzee alikwenda kwake akachuchumaa kwa shida. Waliongea peke yao, na sikuuliza waliongea nini. Yule mama alifariki kabla ya mvua za vuli, na Masanja alihudhuria mazishi, safari hiyo kwa gari la Kabula, bila kulalamika.

Nilitengeneza gari la Kifaransa likarudi kuwa jepesi, na aliliendesha mpaka mwaka wake wa mwisho. Hakuliita tena bubu.

Sasa nimestaafu. Vidole vyangu vimeanza ganzi, na fundi wa stering asiyesikia kwa vidole amekwisha. Vijana wa gereji za mjini wananiita niangalie magari mapya ambayo hayana hata tone la mafuta kwenye stering. Kuna mota ndogo ya umeme na kompyuta, na uzito wa usukani unaandikwa ndani yake kama maneno. Unabonyeza kitufe, linakuwa zito, unabonyeza tena, linakuwa jepesi. Wazee wenzangu wanabeza. Mimi siwezi kubeza. Niliendesha moja hadi Sirari na kurudi, macho yakiwa bado mazuri, nikalifungua, nikakuta ndani ya mota ile bado kuna kijiti chembamba kinachojipinda mkono wa mtu unapovuta. Wameondoa kila kitu wakakiacha hicho. Nilimwonyesha fundi mkuu wa gereji, tukasimama tunakitazama kama watu waliokuta nyayo za mnyama asiyeonekana siku hizi.

Kabula alitaka kuyauza magari baada ya mazishi ya baba yake. Mnunuzi wa gari la Kijerumani alikuwa tayari. Kabula aliniomba nimsindikize hadi mpakani kulikabidhi, na kwa kuwa macho yangu si mazuri tena, alikaa yeye kwenye usukani. Hakuwahi kuliendesha hata siku moja. Mwanzoni alilibana kama nilivyolibana mimi, nikamwambia alegeze.

Alilegeza. Tulipita vilima vya nje ya mji, tukapita viraka vya lami na matuta, na usukani ukacheza mikononi mwake. Baadaye alipunguza mwendo, akaegesha kando, akazima injini, mikono bado iko pale pale.

"Mama," aliniuliza, "baba alikuwa anasikia yote haya?"

Nikamwambia, ndiyo, yote. Akawasha gari, akaligeuza kuelekea lilikotoka.